Maili Kumi na Barua Mbili

Nyanya yangu wa Ganjoni alikuwa na mkebe wa biskuti juu ya kabati la vyombo, na ndani yake hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na senti kumi za kikoloni, zile sarafu za shaba zenye tundu katikati, kazitunga kwenye uzi kama ushanga. Tukiwa wadogo tulizivaa shingoni tukicheza harusi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikazitazama kwa makini. Pembe za ndovu zimepinda huku na huku zikilikumbatia tundu, na kwa Kiingereza limeandikwa jina la Afrika Mashariki. Jina la Kenya halimo, wala la Uganda, wala la Tanganyika. Sarafu hiyo hiyo ilinunua kahawa Mombasa, ikanunua ndizi Kampala, na tangu mwaka 1936 ikanunua samaki hata soko la Unguja.

Kwa hiyo mtu wa zama zile aliweza kuzunguka eneo kubwa kuliko nchi nyingi za Ulaya akiwa na fedha moja mfukoni, na bado asiwe raia wa nchi moja. Kwa Mombasa mambo yalikuwa magumu zaidi. Nyanya alizaliwa kisiwani, katika milki ya Sultani wa Unguja, iliyotawaliwa na Mwingereza, kwa amri zilizotoka Nairobi. Mtu akitembea kwa miguu kutoka Ganjoni, akaivuka Kilindini Road ambayo leo ni Moi Avenue, akashika njia ya Mji wa Kale, alifika Fort Jesus akaikuta bendera nyekundu tupu ikipepea juu ya ngome. Bendera hiyo ilikaa pale mpaka Desemba 1963.

Swali la makoloni kuungana yakawa nchi moja husimuliwa kwa kawaida kama habari ya marais na mikutano: Nyerere, Kenyatta, Obote, shirikisho la Afrika Mashariki. Lakini muungano ambao ulifanyika kweli, ukadumu, na ukaacha kidonda, ni huu wa kwetu ambao vitabu vya shule huupitia kwa sentensi moja. Koloni la Kenya na Himaya ya Kenya vilikuwa vitu viwili kisheria. Vilifanywa kimoja, na waliofanya hivyo walikuwa na hoja nzuri. Waliopinga nao walikuwa na hoja nzuri. Ninayaandika haya kwa sababu naamini hoja zote mbili zilimruka mtu yule yule.

Mstari wenyewe ulichorwa mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana pwani isiyokuwa ya yeyote kati yao, wakakubaliana kumtambua Sultani wa Unguja kuwa mwenye visiwa na mwenye ukanda wa maili kumi za baharini kutoka ufukweni, kuanzia mpakani na Msumbiji hadi Kipini karibu na mdomo wa mto Tana. Bara iliyobaki wakaiacha kwa ajili yao wenyewe. Upande wa kusini Wajerumani walimaliza kazi mapema. Mwaka 1890 walilipa marki milioni 4, kama pauni 200,000, wakauchukua ukanda moja kwa moja. Ndiyo maana Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hakuna aliyesimama Tanga wala Bagamoyo kuuliza pwani ni ya nani. Ilishauzwa.

Upande wetu ulikodishwa. Kampuni ya William Mackinnon iliyopewa pwani mwaka 1887 ilishindwa na kazi, na Waingereza walipoiondoa mwaka 1895, sehemu kubwa ya fidia ilitoka kwenye zile pauni 200,000 za Sultani. Yaani pwani ya Dar es Salaam iliuzwa, na fedha zake zikaikomboa pwani ya Mombasa. Kisha tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini akakubali Waingereza waitawale kwa niaba yake, wakimlipa pauni 11,000 kwa mwaka kama kodi, na pauni 6,000 kama faida ya fedha zake zilizotumika. Jumla pauni 17,000. Kiasi hicho kilikuwa uzi uliomfunga Sultani na Mombasa, na uzi huo haukukatika kwa miaka 68.

Arthur Hardinge aliyetangaza utawala mpya aliwaahidi wakubwa wa Mombasa kwamba dini yao na mila zao hazitaguswa. Wakati huo huo Mbaruk bin Rashid wa Mazrui alikuwa ameshika bunduki, na vita vyake havikwisha mpaka 1896. Mwaka huo huo reli ikaanza kuelekea bara. Ilifika Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901, na kuanzia 1905 makao ya serikali yakahama Mombasa. Mji uliokuwa mlango ukawa varanda.

Mwaka 1920 Waingereza walipotaka kuifanya nchi koloni kamili, waligundua kwamba hawawezi kutwaa ukanda wa maili kumi kwa sababu haukuwa wao. Wakaandika amri mbili: bara ikawa Koloni, pwani ikawa Himaya. Gavana alikuwa mmoja, baraza la kutunga sheria moja, hazina moja. Tofauti iliyobaki ilikuwa kwa liwali, mudiri na kadhi, na kwa bendera. Tofauti nyingine ilikuwa katika kuhesabiwa watu, na hii ndiyo iliyouma majumbani. Mwarabu alipewa daraja lake na kiti chake barazani. Mswahili wa Thenashara Taifa, aliyekaa kisiwani vizazi na vizazi, alitiwa kwenye daraja la “wenyeji” na kodi zake. Mgiriama na Mdigo hawakuulizwa wako daraja gani, walijulikana kama watu wa kazi. Watu waliokula chungu kimoja walitenganishwa kwa karatasi, na walipokuja kuulizwa kuhusu muungano, kila mmoja alijibu kutoka kwenye daraja alilowekwa.

Hoja za kuunganisha makoloni hazikuanza na Waafrika. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kenya na marafiki zao London walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziwe dola moja, na tume zikaja moja baada ya nyingine: ya Ormsby-Gore mwaka 1924, ya Hilton Young kuanzia 1927. Waliotaka walisema reli moja, posta moja, ushuru mmoja, gharama ndogo. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kila mtu aliona nani angekaa kwenye usukani. Buganda ilishikilia mkataba wake wa 1900. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirika la Mataifa, na gavana wake Donald Cameron hakutaka kuiona ikimezwa na Nairobi. Mwaka 1931 mashahidi Waafrika walikwenda London kusema mbele ya kamati ya bunge, wakiwemo Koinange wa Mbiyu kutoka Kenya, Serwano Kulubya kutoka Buganda na Martin Kayamba kutoka Tanganyika. Mpango ule ukafa. Zilibaki huduma za pamoja na stempu zenye majina matatu, na ile senti kumi yenye tundu.

Nawataja hawa kwa sababu hoja ya Buganda ndiyo hoja ya Mwambao, huu ukanda wetu wa maili kumi. Tuna karatasi yetu. Tuliingia kwa karatasi, na tukitoka tutatoka kwa karatasi. Watu wa bara walipoisikia hoja hiyo kutoka Mombasa miaka thelathini baadaye, waliiita ya mabwana wa zamani. Ilipotoka Buganda waliiita msimamo.

Tuje sasa mwaka 1961, ambapo jambo lenyewe liliiva. Uhuru wa Kenya ulikuwa umekaribia na swali halikuweza kuahirishwa tena: Mwingereza akifunga virago, ufunguo wa nyumba aliyoikodi amkabidhi nani? Uingereza na Sultani wakakubaliana kuleta mtu wa kuchunguza. Aliyekuja Oktoba ni Sir James Robertson, na maisha ya mtu huyu yanastahili kutazamwa polepole.

Mwezi Juni 1947, akiwa Katibu wa Utawala wa Sudan, Robertson ndiye aliyeitisha mkutano wa Juba, ambako machifu na makarani wachache wa kusini walikutanishwa na watu wa kaskazini, na baada ya siku mbili kusini ikahesabiwa kuwa imekubali kuwa nchi moja na kaskazini. Kutoka Sudan akapelekwa Nigeria, nchi ambayo Lugard aliiunganisha mwaka 1914 kwa amri, na Robertson akawa gavana mkuu wake kuanzia 1955 hadi uhuru wa 1960. Kisha akaja kwetu. Mtu mmoja, miungano mitatu. Sudan ya Kusini ilitoka mwaka 2011 baada ya vita vya vizazi viwili, kwa kura ambayo karibu asilimia 99 walitaka kutoka. Nigeria iliingia vitani mwaka 1967 Biafra ilipojitenga, na vita havikuisha mpaka Januari 1970. Simtwishi Robertson mizigo hiyo yote, kwani waliopigana walikuwa na sababu zao na waliotawala baada yake walikuwa na dhambi zao. Lakini yako mazoea ya kazi ambayo mtu huyabeba kutoka kituo hadi kituo. Mazoea yake yalikuwa kuwasikiliza wakubwa, kupokea maandiko ya vyama, kupima faida na hasara, na kuamua. Kura ya watu haikuwemo katika mazoea hayo.

Na kura ilikuwa inajulikana. Mwezi Februari mwaka huo huo wa 1961 watu wa Kameruni ya Waingereza walipigishwa kura: kaskazini ikachagua Nigeria, kusini ikachagua Kameruni. Mwaka 1956 watu wa Togo ya Waingereza walipigishwa kura kabla ya kuingia Ghana. Jamaika nayo ilipiga kura Septemba 1961 ikajitoa kwenye shirikisho la visiwa vya Karibi, shirikisho likavunjika mwaka uliofuata. Watu wa Vanga, Gazi, Mombasa, Takaungu, Malindi na Lamu hawakuulizwa hata swali la ndiyo au la.

Waliotaka muungano walisema nini? Kwanza bandari. Kilindini ilijengewa magati ya maji marefu kwa ajili ya mizigo ya Kenya na Uganda, na makuli wake wengi walitoka bara au katika vijiji vya Wamijikenda. Ondoa reli, na bandari inabaki na majahazi. Ondoa bandari, na bara inafungiwa ndani. Pili, fedha. Ukanda peke yake, kwa hesabu za wakati ule, usingeweza kujilipia hospitali, shule na polisi wake. Tatu, na hii ndiyo hoja ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri na wapenzi wa Mwambao: wengi wa watu waliokaa ndani ya zile maili kumi walikuwa Wamijikenda na Waafrika wengine ambao jina la Sultani kwao lilikuwa na sauti ya mnyororo. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa Mwambao mwaka 1907 tu. Mwaka 1961 walikuwepo wazee waliozaliwa na wazazi watumwa, na wengine waliozaliwa utumwani wenyewe. Ronald Ngala, Mgiriama aliyekiongoza chama cha KADU, hakuhitaji kueleza sana kwa nini watu wake hawangeimba wimbo wa Sultani.

Ngala alikuwa na dawa yake, majimbo. Pwani iwe jimbo moja lenye serikali yake, ukanda pamoja na nyika ya nyuma yake, ndani ya Kenya. Hoja hiyo niliidharau nilipokuwa kijana kwa sababu tulifundishwa kwamba majimbo ni ukabila. Leo naiona kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi kumjibu kila mtu.

Waliopinga muungano walisimama mahali tofauti. Wako waliotaka Mwambao urudi kwa Sultani, na wako waliotaka ujitawale wenyewe, ukiwa na uhusiano wa kirafiki na pande zote mbili. Sheikh Abdilahi Nassir, mtu wa umri wa miaka 30 hivi, alikiongoza chama cha Coast People's Party akaipeleka hoja ya kujitawala hadi London, kwenye mkutano wa Mwambao uliofanyika Machi 1962. Omar Basaddiq alikuwa sauti nyingine kubwa. Wala Waislamu wote hawakuwa upande mmoja. Msanifu Kombo, Muislamu wa Mombasa, alikuwa wa chama cha KANU, kilichotaka Kenya moja.

Hoja yao ya kwanza ilikuwa ya sheria. Kitu kilichokodishwa hurudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akitaka kukitoa, basi walio ndani ya nyumba waulizwe. Hoja ya pili ilikuwa hofu, na hofu haikuwa ya kubuni. Walihofia mahakama za kadhi, walihofia kazi za bandarini na za ofisini, walihofia ardhi. Kijana wa Mji wa Kale aliyesoma chuoni na shule ya Waarabu alijua kabisa kwamba katika nchi inayotawaliwa kutoka Nairobi hatakuwa wa kwanza kuitwa kazini.

Hoja ya bandari kwamba haiwezi kuishi bila bara nayo ina doa. Singapore iliingia Malaysia Septemba 1963, miezi mitatu tu kabla Mombasa haijaingia Kenya. Tarehe 9 Agosti 1965 ikatolewa, kisiwa kidogo peke yake, na kila mtu anajua ilikofika. Sisemi Mombasa ingekuwa Singapore. Nyuma ya Singapore hapakuwa na nchi isiyo na njia nyingine ya bahari, na ndani yake hapakuwa na wakulima walionyang'anywa mashamba. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Gwadar, bandari ya Baluchistan iliyokuwa mali ya Sultani wa Oman, ndugu wa ukoo mmoja wa Busaidi na yule Sultani wetu wa Unguja. Mwaka 1958 iliuzwa kwa Pakistan kwa pauni milioni 3. Kule pia watu wa bandari walilala katika milki moja wakaamka katika nyingine, na mpaka leo ukizungumza na Mbalushi wa Muscat au wa Mombasa, habari hiyo bado haijaisha mdomoni.

Ripoti ya Robertson ilitoka Desemba 1961. Alipendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru, Sultani alipwe fidia, na dini na mahakama za Waislamu zilindwe. Mazungumzo yakaendelea karibu miaka miwili, lakini mkondo ulishajulikana.

Basi tufike kwenye barua. Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohamed Shamte waliandikiana barua. Siku tatu baadaye, tarehe 8, mkataba ukatiwa saini London: siku Kenya itakapopata uhuru, Himaya ya Kenya itaacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani Jamshid na itakuwa sehemu ya Kenya. Mkataba wenyewe ni mfupi. Hauna muda wa kwisha. Nalisema hili kwa sababu miaka ya karibuni vijana wengi wa kwetu waliambiwa, na wakaamini, kwamba ungekwisha baada ya miaka 50. Kifungu hicho hakimo, na aliyewaambia hivyo aliwapa tumaini lisilo na karatasi.

Uzito wote uko kwenye barua. Kenyatta aliahidi mambo matano. Uhuru wa dini. Mahakama za kadhi zibaki. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu, kadiri itakavyowezekana. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi wawe Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa katika pwani zitambuliwe daima.

Soma tena polepole. Ahadi mbili zina kamba ya “kadiri itakavyowezekana,” na kila aliyewahi kuomba kitu ofisini anajua kamba hiyo inafika wapi. Ahadi ya ardhi haina kamba hiyo. Imeandikwa “daima.”

Hati zilizosajiliwa zilikuwa za nani? Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai yao wapewe vyeti. Waliojua kusoma, waliokuwa na wakili, waliokuwa karibu na liwali, walikwenda. Mgiriama wa Kisauni na Mdigo wa Likoni aliyelima kwa kujua mkorosho upi ni wa babu yake hakwenda, au alikwenda akaambiwa hana ushahidi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Kwa hiyo barua ile iliyolinda msikiti na kadhi ililinda pia, kwa wino ule ule, mpango uliomfanya mwenyeji wa pwani kuwa skwota pwani. Waliodai Mwambao hawakulitaja jambo hilo kwa sauti, kwani baadhi yao walikuwa na hati. Waliodai Kenya moja hawakulitaja pia, na baada ya uhuru wengi wa wakubwa wao wakaja kuzitafuta hati hizo hizo ufukweni.

Hapa ndipo ninaposimama. Kila upande ulikuwa na kitu cha kulinda na ukakilinda. Mtu asiye na hati hakuwa na mtetezi ndani ya chumba. Hata ndani ya kisiwa chetu, maelfu ya watu mpaka leo wana nyumba isiyo na kiwanja: kuta ni zako, bati ni lako, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi unalipa ijara kwa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona. Nimekaa kwenye baraza la nyumba kama hiyo nikimsikiliza mzee akinionyesha kwa fimbo mahali haki yake inapoishia. Ilikuwa kwenye kizingiti cha mlango.

Muungano ulifanyika tarehe 12 Desemba 1963, siku mbili baada ya Zanzibar yenyewe kupata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiangusha serikali ya Shamte. Hesabu siku kutoka zile barua: ni 99. Aliyepewa ahadi hakuwepo tena kuidai. Sultani Jamshid alikimbia kwa meli, akaelekea Mombasa, mji ambao mwezi mmoja kabla ulikuwa wake kwa sheria, na serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Akageuza kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Uingereza, alikoishi zaidi ya miaka hamsini kabla ya kuruhusiwa Oman. Alifariki Desemba 2024. Nyanya alikuwa akisema siku zile watu walikwenda ufukweni kuangalia bahari, wasiseme wanaangalia nini.

Na Ngala? Uchaguzi wa Mei 1963 ulimpa jimbo lake. Pwani ilipata baraza lake la jimbo, naye akawa rais wake. Lakini fedha hazikuteremka kutoka Nairobi, KADU ikajivunja Novemba 1964 ikaingia KANU, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri yenye serikali moja. Kinga ya pili ya pwani ikaondoka mwaka mmoja tu baada ya muungano. Hivi ndivyo ilivyokuwa pia kwa Barotse, ufalme uliokuwa himaya ndani ya himaya katika Rhodesia ya Kaskazini. Mei 1964 walitia saini London mkataba wa kuingia Zambia kwa masharti, na mwaka 1969 serikali ya Zambia ikaufuta. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964 umedumu kwa njia tofauti: mshirika mdogo alibaki na serikali yake, bunge lake na rais wake, na kwa hiyo kila kero ina mtu wa kuibeba mezani. Mwambao haukubakiwa na meza.

Lipo jambo moja ambalo huwa nalifikiria sana. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho kabla mwaka haujaisha. Nyerere alikuwa tayari tangu 1960 kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zitoke pamoja. Lau shirikisho lile lingesimama, na Zanzibar ikaingia, ule mstari wa maili kumi ungekosa maana, kwani Mombasa, Tanga, Unguja na Lamu zingekuwa nyumba moja tena. Halikusimama. Ilibaki Jumuiya ya 1967, nayo ikafa 1977, na mpaka wa Lungalunga ukafungwa hadi 1983. Kwa miaka sita watu wa Mombasa walizikwa bila ndugu zao wa Tanga.

Ahadi zimekwendaje? Kadhi yupo. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya Agosti 2010 inamtaja katika ibara ya 170, ijapokuwa kabla ya hapo yalitolewa maneno makali makanisani na mahakamani ya kutaka aondolewe, na mawakili wa Waislamu wakaitoa tena barua ya 1963 kabatini. Kiarabu kinafundishwa pale kinapofundishwa. Ardhi imebaki kuwa ardhi. Kundi la Mombasa Republican Council lilipoandika ukutani kwamba Pwani si Kenya, serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na mahakama kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Nilizungumza na vijana waliokuwa wakiyaandika maneno hayo. Walianza na mkataba wa 1895, lakini kila mmoja baada ya chai ya pili alifika kwenye shamba la babu yake.

Katiba hiyo ya 2010 ilileta kaunti 47, na Mombasa ikapewa namba 1, Kwale 2, Kilifi 3. Ni majimbo ya Ngala yaliyokatwa vipande vidogo na kupewa jina jingine.

Tarehe 4 Machi 2013 nilimsindikiza nyanya kupiga kura ya gavana wa kwanza. Jua lilikuwa kali, tukakalishwa kivulini na wazee wenzake. Alipofika mezani karani alimpa karatasi sita za rangi mbalimbali akamweleza moja moja, hii ya rais, hii ya gavana, hii ya mwakilishi wa wadi. Akazishika ile ya gavana na ile ya wadi akazitenga pembeni. “Mwanangu,” akamwambia yule kijana, “mimi hizi za kwetu nilizipiga mwaka wa sitini na tatu. Hazikukaa. Hizi zitakaa?” Karani akacheka kwa adabu, akamwonyesha kibanda cha kupigia. Nyanya hakuondoka. Alisimama pale akiwa amezishika karatasi zake mbili, akingoja ajibiwe.